Nyuklia ya Saio

Benchi letu, kwenye kona ya mtaa wa Saio, hapa Bunia, ni ubao mmoja uliolazwa juu ya jenereta mbili zilizokufa. Sisi jenereta tunaiita groupe, na mwenye hizo mbili ni Osée, fundi, ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina la mashine zake: Groupe. Kahawa nauza mimi. Nilisoma sosholojia miaka mitano, na tangu hapo nawahudumia watu ambao hawakuisoma lakini wananifundisha kila siku, ndiyo maana, kwa ile licence yangu, digrii ya chuo, wananiita Mama Licence. Huu ni mwezi wa saba hatujakimbia vita, tunalala bila viatu miguuni, kwa hiyo watu wana nafasi ya kubishana juu ya mambo ya mbali.

Siku hiyo jambo la mbali lilikuwa nyuklia, na aliyelileta ni Débora, binti ya Groupe, aliyemaliza fizikia mwaka jana. Kuna bourse, ufadhili wa kwenda kusoma nishati ya nyuklia ng'ambo, miaka sita. Karatasi zote zilikuwa tayari, isipokuwa barua ya kueleza kwa nini nchi yake inahitaji kitu hicho. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa hiyo hiyo, na cyber ya intaneti inafunga saa kumi, au mapema zaidi kama mazout, dizeli ya groupe yao, inaisha. Ilikuwa saa nane na nusu. Débora alikaa na daftari magotini. Baba yake alikuwa bado hajasema nenda wala baki. Tangu asubuhi alikuwa anafuta buji moja, plagi ya injini, kwa kitambaa, ileile.

Wa kwanza kumsaidia ni Honoré. Tunamwita Minisitiri kwa sababu alifanya kazi miaka ishirini katika ofisi ya jimbo, akibeba faili za wengine. Alimwambia aandike kwamba dunia inapata moto kwa sababu ya moshi, nyuklia haina moshi, na uranium ya bomu la kwanza ilitoka Kongo, basi sasa ni zamu yetu kuwasha taa. Hilo la uranium si uongo. Tatizo la Minisitiri ni kwamba akishasema la kweli moja, hasimami hapo.

— Siku hizi banatengeneza mashine ya nyuklia ya kidogo, alisema. Inaingia mu container moja. Inatoka Mombasa, inapita Kampala, inafika hapa. Tunaiweka nyuma ya kanisa.

— Kwa barabara gani? nikauliza.

— Mama Licence, mi niko naongea science, weye uko naleta barabara.

Hapo Serge akaingia. Yeye ni Carré, jina la mashimo ya dhahabu alimoacha ujana wake. Kwa Carré, nyuklia ni jiwe tu. Karibu na shimo lao la zamani kuna mahali mbuzi wanakataa kula majani, basi ni uranium, ni nini kingine? Jiwe la ukubwa wa yai, ukiliweka chini ya sufuria, Saio yote inapika maharagwe mwaka mzima bila makaa. Débora alimwambia kwa upole kwamba atakayekula maharagwe hayo hatamaliza mwaka. Carré hakutikisika. Alihamia kwenye takataka za sumu za mashine: zifukiwe katika mashimo ya dhahabu, si tayari yamechimbwa?

Groupe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

— Hapa Ituri? Ufukie kitu mu shimo, uweke na kibao ya hatari juu? Kisha juma moja utakuta batu makumi tano na majembe.

Tulicheka, na Carré alicheka kuliko wote, maana alijua nani angekuwa mbele. Kisha yeye na Minisitiri wakashirikiana. Kwa maneno yao, mabomba ya maji ya moto yakaingia kila nyumba. Mvua ikarudi katika miezi yake, theluji ya Ruwenzori ikaongezeka, ziwa la Kasenyi, lililopanda na kumeza nyumba, likashuka. Débora alikuwa ameandika mistari mitatu, akatusomea. Ilikuwa mizuri kama hotuba ya kupokea mgeni wa Kinshasa. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni la samaki kichwani akasimama. Aliomba kahawa, akasema anaitwa Alphonsine, na kwamba amesikia neno Kasenyi. Nyumba yake ilikuwa kule. Vita ilimtoa mara mbili, akarudi. Mara ya tatu alitolewa na maji, na sasa mitumbwi inapita juu ya mlango wake. Aliuliza kama ni kweli hiyo mashine itashusha ziwa.

Débora hakumdanganya. Alisema mashine moja haishushi ziwa, lakini dunia yote ikipunguza kuchoma mafuta na makaa, polepole, pengine mambo yatatulia.

— Basi ni kitu ya muzuri, alisema Alphonsine.

— Ya muzuri sana, mama, alijibu Minisitiri.

— Na siku ya kukimbia, nani anabaki nayo?

Minisitiri alisema kutakuwa na askari, halafu akaangalia ndani ya kikombe chake. Carré alisema wataizima, wataondoka na ufunguo. Tukamgeukia Débora.

— Haizimike vile, alisema. Ukiizima, ndani inabaki na moto. Lazima mutu aipe maji, siku kwa siku, miezi mingi. Ukiiacha yenyewe, inayeyuka.

Groupe aliweka buji juu ya ubao.

— Ile mwaka ya vita mu Bunia ulikuwa na miaka mbili. Nilizima groupe ya maternité, kule bamama banazalia, nikatia ufunguo mu mufuko, nikakubeba mugongo. Nilirudi kisha miezi tatu. Ilikuwa palepale, na vumbi tu. Nikaiwasha, ikawaka. Ilinisubiri. Hii yako haisubiri mutu.

— Haisubiri, papa.

— Basi mwenye atabaki nayo ni weye.

Débora alifuta mistari mitatu, akaandika kwa Kifaransa, muda mrefu kidogo, kisha akatusomea kwa Kiswahili: «Kwetu watu wanakimbia. Nataka kujifunza kama inawezekana mashine ambayo watu wake wataikimbia, warudi, waikute. Kama haiwezekani, nataka niwe mtu wa kuwaambia hivyo.»

Minisitiri alisema barua ya namna hiyo haijampa mtu bourse tangu dunia iumbwe. Haina hata neno maendeleo.

— Ni saa ngapi? Groupe aliniuliza.

— Tisa na nusu.

Aliinama chini ya benchi, akatoa bido, dumu la mazout, akaiweka mbele ya binti yake.

— Peleka na hii kwa cyber. Groupe yao isizime kabla haujamaliza.

Hivyo barua juu ya hali ya hewa ya dunia iliondoka Saio pamoja na mazout lita tano. Nilipogeuka kumwongezea Alphonsine, thermos ilikuwa kavu. Akauliza yule binti atarudi na jibu baada ya miaka mingapi.

— Sita, nikamwambia.

Akashusha beseni, akalivuta karibu na mguu wake, akakaa kungoja.