Lornah Hasahihishi Mitihani

Mwezi wa Julai, Kinoo hulala kwenye ukungu hadi saa tatu asubuhi, na watu wa benchi la Njambi, muuza kahawa, hunywa kahawa ya tangawizi bila kuiona barabara iliyo mbele yao. Hapo ndipo Lornah alipokaa, simu mkononi. Mwanakemia huyu alikuwa ametumia miaka saba katika maabara ya chuo kikuu, akitafuta namna ya kuizuia rangi nyekundu ya kokwa la avokado isipauke kitambaani. Sasa ofisi moja ya mjini ilimtaka awe mtahini wa hataza, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita. Aliipenda maabara ile, jamani, na wazo la kuiacha lilimuuma kama kufiwa.

Kosa lake lilikuwa kuwatajia wa benchini cheo hicho, mtahini wa hataza.

— Si hiyo ni kusahihisha mitihani ya KCSE? akauliza Kiarie, aliyeitwa Waziri kwa sababu hakuna jambo asilolitolea tamko. Watakufungia kwa shule fulani, simu wachukue, hadi karatasi ziishe.

— Zii, Waziri, akasema Jackton, fundi wa pikipiki, maarufu Spana. Hataza inatoka kwa hatari. Atakuwa anaonja madawa kwanza, ndio serikali ijue kama zinaua.

Lornah akacheka, akawaeleza polepole. Mtu akivumbua kitu, hukiandika na kuomba kiwe chake miaka ishirini. Mtahini naye hupekua maandishi ya dunia nzima, aone kama kuna aliyekwisha kukisema.

Kila mmoja benchini akaanza kuvumbua.

— Mimi naandika kufungua soda na meno, akasema Spana.

— Yangu ni baridi ya Kinoo, akasema Waziri. Mtu akitaka kutetemeka, aniombe ruhusa.

Lornah alikuwa mbali. Aliiona ofisi ile ndani ya ukungu: chumba kisicho na mwisho, mawazo ya watu yamepangwa rafu kwa rafu, naye akipita katikati bila chupa yake mwenyewe ya maabara mkononi. Alikitamani chumba hicho, na alikiogopa.

Akatokea mama mgeni na gunia la avokado, akajitambulisha kuwa Caren, anaelekea Kenyatta Market. Spana akamhadithia habari yote, ya kokwa na ya ofisi, kama vile kazi ni yake. Caren akapuliza kahawa yake.

— Kwetu tulikuwa tunachemsha hiyo kokwa na majivu, tunapaka vikapu. Rangi haitoki hata na mvua. Na hakuna mtu aliandika. Sasa huyo wa kutafuta, atajuaje?

Lornah alikuwa amesoma kila karatasi iliyoandikwa kuhusu kokwa lile, na hakuwa amemuuliza mtu hata mmoja.

— Majivu ya nini, mama? akauliza.

— Ya maganda ya maharagwe.

Lornah akatoa daftari lake la maabara. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu; akaandika tarehe, jina la Caren, maganda ya maharagwe. Ofisini huko mjini kulihitajika mtu anayejua kwamba yapo mambo yasiyoandikwa, kama yale majivu. Akashika simu, akatuma neno moja: nakubali.

Njambi akainamisha birika, likatoa tone moja. Lornah akasogea, akampisha Caren benchini, akamwomba aanze tena kutoka mwanzo.