Alama za Chaki Ukutani

Wanakikundi wenzangu, kila kikao mnautazama mkono wangu huu usionyooka, mnaona haya kuuliza. Leo nausema.

Korosho zangu za Ruponda zilikubali, nikataka kujenga vyumba vya kupangisha Ruangwa. Nikasema sijengi kwa maneno ya vijiweni. Nitapita mwenyewe niulize kodi, nione vyumba vipi vimejaa na vipi viko wazi. Akili nzuri. Ila kwa mwenyekiti wa mtaa sikupita, niliona atanichelewesha. Mimi mtu wa haraka na hasira, mke wangu yule pale anajua.

Nilishika chaki. Penye chumba kitupu naweka alama ukutani, nikirudi nihesabu. Nyumba ya tano nikamkuta mama mpangaji anapepeta mtama. Nikamuuliza kodi.

"Kodi mwulize mwenye nyumba," akasema. "Mimi niulize kwa nini watu wanahama."

Nikamwambia sina muda.

Kumbe wiki ile mtaani pale wezi walikuwa wamevunja nyumba mbili. Mwanamume mmoja akaiona chaki yangu. Kabla sijajieleza, mpini wa jembe ulitua kwenye kiwiko, mfupa ukalia. "Mwizi!" Mawe, mateke, meno mawili nikayameza na damu. Wakanimwagia petroli. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoa shahada nikijua ndiyo ya mwisho.

Yule mama akaja akanilalia juu. "Chomeni wawili," akasema, kwa sauti ya kawaida tu. Hakuna aliyewasha kiberiti.

Mwili ulipona, moyo ukagoma. Nililinoa panga, nikalitia kwenye kiroba, nikarudi Ruangwa kumtafuta mwenye mpini. Nikapita kwanza kwa yule mama mpangaji kumsalimu. Akakipapasa kile kiroba, akajua.

"Baba, nilikulalia wewe uje kuua?"

Nililia mbele ya watu, sioni aibu kusema. Panga tukalipeleka kwa mwenyekiti. Ndipo nikamuuliza yule mama: kwa nini wanahama?

"Maji mbali," akasema, "na choo hakina mlango."

Vyumba vyangu vinne vina maji uani na choo chenye komeo, na havikai vitupu. Namshukuru yule mama, nanyi mlionilimia shamba nikiwa kitandani. Ukiingia mtaa wa watu piga hodi kwanza, kisha msikilize anayelala ndani.

Mwenye mpini naye alikuja kuomba chumba. Nilimtazama sana. Nikampa ufunguo, kwa mkono huuhuu.