Betri Iliyovaa Sweta: Kumuaga Ristana Talevska

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari, Ristana Talevska anastaafu baada ya kuitumikia kaunta ya betri ya duka letu la vipuri hapa Bitola kwa miaka thelathini na miwili. Wakurugenzi sita wamemkuta, na watano wameshamwacha. Kila mmoja alikuja na mpango wa mageuzi na kuondoka na kalenda yake ya ukutani. Ristana alibaki, kwa sababu baridi ya Bitola haisomi mipango, na kila Januari nusu ya mji huamka na magari yasiyowaka.

Alianza ofisini, akipiga chapa. Alihamishiwa kaunta kama adhabu, baada ya kumwambia mkurugenzi wa pili kwamba hotuba yake ilikuwa na kurasa nyingi kuliko bidhaa zilizokuwa dukani. Uongozi wa duka hili haujawahi kufanya uamuzi bora kuliko huo, na hata huo ulifanywa kwa hasira.

Mteja wetu, tuseme ukweli, anajua kila kitu. Anachagua betri kwa rangi, au kwa stika yenye maandishi ya Kijerumani, au kwa sababu binamu yake anayepaka rangi nyumba za watu huko Austria amesema. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimama mbele ya Ristana kila asubuhi.

"Shangazi, nipe ya bei ya chini kabisa, lakini idumu."

"Na mke ulimtafuta hivyohivyo, mwanangu?"

Kisha aliuliza injini ina ukubwa gani, gari hulala wapi, husafiri mbali au huishia sokoni tu. Aliigeuza betri aliyoipenda mteja na kumwonyesha tarehe ya kutengenezwa. "Hii imekaa rafuni mwaka mzima. Imezeeka kabla ya harusi. Iache." Ya bei ya juu kabisa nayo aliirudisha: "Hapa unalipia picha ya simba, na simba hawashi gari." Mwishoni alimkumbusha arudishe ile kuukuu ili apunguziwe bei. Mteja aliondoka na betri ya bei ya wastani, iliyotengenezwa majuzi na yenye nguvu ya kuwashia kwenye baridi, huku akinung'unika kwamba ameonewa. Baada ya majira mengi ya baridi alirudi na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, kutoa shukrani.

Hatudai kwamba alikuwa malaika. Kama mji mzima, Ristana anaamini kwamba upepo unaopita kati ya milango miwili iliyo wazi huua watu, na yeye ameongeza betri kwenye orodha ya marehemu. Alimwapisha kila mteja asiiache betri "njiani mwa upepo". Tulimletea vitabu vya kisayansi vinavyosema adui ni baridi, si mlango. Alivipokea kwa shukrani, akavitumia kukazia dirisha lisipitishe upepo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo uongozi ungependa tuliruke. Mkurugenzi wetu wa sasa, Bwana Cvetan Bojkovski, aliyetujia kutoka Skopje, ambako gari lake lililala kwenye gereji yenye joto, alinunua shehena nzima ya betri za kijani na kuzibandika maneno "Miaka Kumi". Alikuwa amesikia kwamba betri ya gari la Ristana ina miaka kumi na moja na huwasha mara moja. Akachapisha bango lenye sura ya Ristana: "Shangazi Ristana Hatumii Nyingine." Kisha akamwita ofisini. Ukuta wa ofisi ile ni mbao nyembamba, kwa hiyo tulialikwa sote.

"Binti yako Biljana amefanya kazi stoo miaka minne," alisema Mkurugenzi. "Kaunta itakuwa yake ukistaafu. Tukielewana kuhusu bango."

"Acha nitie betri yako kwenye gari langu, Mkurugenzi, nawe uliwashe mbele ya watu," alijibu Ristana. "Likiwaka, picha yangu ni yako."

Mkurugenzi alifurahi. Alichagua asubuhi ya sikukuu ya Vodici, baada ya padri kuutupa msalaba mtoni na vijana kuuogelea, watu wakiwa wengi na nywele za waogeleaji zimeganda. Gari lilikuwa limelala uani na betri ya kijani. Akazungusha ufunguo mwenyewe. Tik. Akazungusha tena. Tik.

"Mzee wangu," Blagoj muuza mkaa alipaza sauti, "hata msalaba mtoni umetoka na uhai zaidi!"

Watu wakamgeukia Ristana. "Shangazi, mbona yako inawaka?"

"Yangu iko nyumbani, ghorofa ya nne, stoo ya jikoni, kati ya chupa za ajvar, ile rojo ya pilipili, imevaa sweta la marehemu mume wangu Mitre. Kila jioni ya baridi naipandisha, kila asubuhi naishusha. Lakini nilinunua iliyo mpya kweli, ya saizi ya gari langu. Hiyo ya kijani, isomeni tarehe wenyewe. Ina miaka mitatu na haijawahi kuonja gari."

Biljana alikuwa mlangoni pa stoo, akisikiliza kazi yake ikimponyoka. Ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mabango yameondolewa, ila betri za kijani bado zipo. Kaunta, tunaambiwa, "inafanyiwa tathmini". Wateja wanaingia, wanauliza, "Binti wa shangazi yuko wapi?", wanajibiwa habari za tathmini, wanatoka. Hatutetei kazi irithiwe kama shamba la tumbaku. Tunamtetea mtu anayejua kusoma tarehe na kuisema kwa sauti. Tumeliandika hili hapa kwa sababu Mkurugenzi hulifungua jarida hili la wafanyakazi kutafuta picha yake mwenyewe. Safari hii tumeiweka papa hapa, chini ya aya hii. Ijumaa atakuwa na kipaza sauti, na sisi tutakuwa viti vya mbele tukingoja jibu: je, Biljana anapewa kaunta?

Zawadi ya uongozi ni betri ya kijani yenye utepe. Zawadi yetu wafanyakazi ni sweta jipya la sufu ya kondoo wa milima ya Mariovo, lililofumwa kwa vipimo vya betri, maana lile la Mitre limetoboka viwiko.

Asante, Shangazi. Upumzike kwa afya na furaha, na kila asubuhi yako iwake kwa jaribio la kwanza. Siku ya sherehe, milango yote miwili tutaifunga.