Reli ya Mzee Leodgar wa Kamunyonge

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Ninyi mlioko Musoma mjini, ninyi wa Bunda, wa Butiama, na ninyi wa Kibara mnaoanika dagaa huku redio imetundikwa kwenye uzio, sogezeni masikio. Leo tunamkumbuka mtu aliyejenga reli. Narudia: reli. Aliijenga hapa hapa Mara, mkoa usio na treni.

Jina lake Leodgar Masatu. Alizaliwa Kibara mwaka 1933. Amefariki nyumbani kwake Kamunyonge, mwezi Machi mwaka huu wa 1999, akiwa na miaka sitini na sita. Ameacha mjane, Mama Hyasinta, na mtoto mmoja, Bernado. Uani kwake ameacha mita arobaini na mbili za reli ndogo, iliyotengenezwa kwa mkono, taruma moja baada ya jingine, yaani ile mihimili inayolaliwa na chuma cha reli.

Tuanze mbali kidogo.

Leodgar alitoka Kibara kijana wa miaka ishirini na tatu. Akavuka hadi Mwanza, akaandikwa kazi kwenye gengi la reli. Kama hujui gengi ni nini, ni wale watu wanaotembea juu ya njia kila siku na mataimbo mabegani. Wananyanyua reli, wanapanga mataruma, wanashindilia kokoto. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, nyingi zikiwa pale Malampaka. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka. Siku ishirini na moja za likizo, kisha anaondoka.

Mama Hyasinta anakumbuka likizo moja. Bernado alikuwa na miaka minne. Mtoto alimvuta mama yake upande wa jikoni akamwuliza, "Mama, yule mgeni anaondoka lini?"

"Baba yake alikuwa mlangoni," anasema Mama Hyasinta. "Alisikia. Ila tangu siku hiyo akija likizo alikuwaga anamwangalia yule mtoto kwa mbali tu, kama anaomba ruhusa."

Shikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Baba alikuwa mgeni kwa mwanawe.

Mwishoni mwa mwaka 1982 kipande cha reli kiliteleza kikamwangukia mkono wa kushoto. Vidole vitatu vikaenda. Januari 1983 akarudishwa nyumbani na kiinua mgongo chake, akanunua kiwanja Kamunyonge, kwenye ule mteremko wenye mawe. Bernado wakati huo alikuwa mtu mzima, fundi katika kiwanda kimoja cha nguo Mwanza. Barua zake zilikuja kwa jina la mama.

Mnaikumbuka 1983. Sabuni kwa foleni. Sukari kwa foleni. Kipande cha khanga unakisikia tu kwa jirani. Msumari ulikuwa mali. Na katika mwaka huo wa shida, Leodgar Masatu akaamka asubuhi moja akachukua kamba, akapima ua wake kutoka ukuta wa jikoni hadi chini kwenye jiwe kubwa. Mita kumi na nane.

Mkewe akamwuliza, "Unajenga banda?"

"Najenga njia."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwanza ikae sawa. Ya kwenda wapi tutaona."

Reli ya kweli, ile ya Malampaka, ina mita moja kati ya chuma na chuma. Leodgar aliigawa kwa kumi. Sentimita kumi. Alichonga kijiti cha kipimo, akakichoma ncha kwa moto zisilike, akakiweka mfukoni mwa shati. Mataruma aliyachonga kwa vipande vya mbao alivyookota kwa maseremala, akayaloweka kwenye oili chafu ya magari ili mchwa wasiyaguse. Misumari hakuwa nayo. Basi kila taruma alilikata mifereji miwili kwa msumeno wa chuma, mifereji myembamba, na ndani yake akasimamisha ukanda wa chuma kwa ubavu. Unaingia kwa kubana. Hautaki msumari.

Chuma alikipata wapi? Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Bunda. Marobota ya pamba hufungwa kwa mikanda ya chuma. Mikanda iliyopata kutu ilitupwa nyuma ya ghala. Mtunza ghala, Bwana Makongoro, alimwambia abebe anavyoweza. Akafunga mzigo juu ya baiskeli, akaurudisha Musoma.

Ndipo mkosi ukamkuta. Ule ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Mtu mmoja aliona mzigo wa chuma ukiingia uani, akatoa taarifa. Asubuhi wakaja mgambo wanne. Wakabeba mikanda, wakabeba mataruma, wakambeba na mwenyewe.

Kituoni afande akamwuliza, "Hizi chuma za nini?"

"Za reli, afande."

"Reli! Musoma? Treni iko wapi?"

"Treni haijaja. Reli hutangulia."

Watu wakacheka. Leodgar hakucheka. Alikuwa amefanya kazi ile miaka ishirini na sita, na hakuona ajabu yoyote katika jibu lake. Akaomba ruhusa aonyeshe. Akapiga magoti pale pale kwenye uwanja wa kituo. Akapanga mataruma ishirini, akabana mikanda, akapitisha kijiti chake kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja akaweka mawe, njia ikapata mteremko. Kisha akatoa kwenye kikapu cha vifaa, kilichobebwa na mgambo pamoja na chuma, behewa la bati, limetengenezwa kwa kopo la mafuta ya kupikia, akaliachia.

Likateremka taratibu likagonga kiatu cha afande.

Afande akalitazama. Akainama. Akalirudisha juu kwa mkono wake, akaliachia tena. Mara tatu, wasikilizaji wapendwa. Mara tatu afande alirudisha lile behewa, na mgambo wote wamesimama wanaangalia. Mchana Bwana Makongoro, aliyeulizwa kwa simu, akaleta neno kutoka Bunda kwamba mikanda ile ni ya kutupwa na aliitoa mwenyewe. Kabla ya jua kuzama Leodgar alikuwa njiani kwenda Kamunyonge, na mgambo wawili wamembebea mataruma.

Mwaka uliofuata, 1984, mvua zilikuwa haba. Unga tuliokula ni ule wa yanga, wa mahindi ya njano, na wenyewe kwa kupanga mstari. Mama Hyasinta akatoka na jembe akasimama katikati ya ua.

"Baba Bernado," akasema, "chuma hakiliwi. Mimi nataka pahali pa mihogo."

Leodgar aliitazama njia yake. Alikuwa ameifikisha mita kumi na nne. Asubuhi mkewe akamkuta ameing'oa yote na anapanga mawe, mstari wa mawe, kimo cha shubiri moja kutoka ardhini.

"Lima kote," akamwambia. "Njia itapita juu."

Mihogo ikapandwa kushoto na kulia. Ilipokua, reli ikawa inapita katikati ya majani. Na Mama Hyasinta, ambaye alikuwa anaponda kokoto za kuuza, akaanza kumwekea mume wake zile chembe ndogo ndogo zisizonunuliwa. "Nilisema basi, kama ameshindikana, ajenge na kokoto safi," anasema, na anacheka.

Reli ilikuwa imenyooka. Kutoka jikoni hadi kwenye jiwe, moja kwa moja. Behewa linateremka lenyewe, kisha mtu analibeba kulirudisha. Kona haikuwepo. Ukipinda mkanda wa chuma kwa mkono, unajirudi, unachomoka kwenye taruma na kukurushia kokoto usoni. Kona inataka mikono miwili mizima. Leodgar alikuwa na mkono mmoja na nusu. Miaka kumi na moja reli yake haikuwa na kona.

Mwaka 1994 Bernado akarudi. Kiwanda chake kilikuwa kimepunguza watu, naye alikuwa miongoni mwao. Umri miaka thelathini na sita. Alikuja na begi moja na sanduku la vifaa vya ufundi. Akakaa kwenye kiti cha kamba uani, siku ya kwanza, ya pili, wiki mbili. Anasalimia, anakula, anarudi kukaa. Baba anachonga mataruma upande huu, mwana amekaa upande ule. Katikati ni mihogo.

Asubuhi moja Leodgar aliamua kujaribu kona tena. Akaukandamiza mkanda kwa goti na ule mkono mbovu. Mkanda ukamponyoka, ukamchana juu ya jicho. Damu ikamshukia shavuni. Bernado akainuka. Akaja akauokota ule mkanda, akaupima kwa vidole.

"Baba, hapa unalazimisha. Hiki chuma kinapitishwa kwenye rola tatu, kidogo kidogo, mpaka kikubali."

"Nani kakufundisha?"

"Kiwandani. Nimefanya miaka kumi na minne."

"Sikujua."

"Hujaniulizaga," akasema Bernado.

Mama Hyasinta alikuwa mlangoni na bakuli la maji ya kumwosha mumewe jeraha. Anasema alisimama pale na maji yakapoa. Leodgar alijifuta damu kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Nakuuliza sasa. Rola zinatengenezwaje?"

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo kona ilipoanza.

Walitafuta beringi tatu kuukuu. Bernado akazifunga kwenye kipande cha mbao ngumu, mbili chini, moja juu, na skrubu ya kukazia. Unapitisha mkanda, unakaza kidogo, unapitisha tena. Chuma kikatoka kimepinda na hakikujirudi. Leodgar alikishika akakigeuzageuza kwenye mwanga. Tangu aondoke Malampaka hakuwa ameona reli imepinda vizuri namna ile.

Wakagombana pia. Bernado, mtu wa vipimo vya kiwandani, alitaka sentimita kumi kila mahali. Baba akakataa. "Kwenye kona unaachia kidogo. Ukibana, gurudumu linapanda juu ya chuma." Bernado akafanya anavyotaka mwenyewe. Behewa likafika kwenye kona, gurudumu likapanda, likaanguka kwenye mihogo. Likaanguka mara ya pili. Mara ya nne Bernado akanyoosha mkono, na baba yake akampa kile kijiti, na pamoja nacho kipande cha ukwato wa ng'ombe cha kuongezea upana. Alikuwa amekichonga siku tatu kabla.

Mataruma mia saba. Kokoto za Mama Hyasinta. Mita arobaini na mbili, mzunguko mzima, kutoka jikoni, kupita mihogo, kuzunguka jiwe kubwa na kurudi. Na kwa kuwa siku hizo maduka yalikuwa yamefunguka, redio za kaseti zimejaa mjini na mbovu zake zinatupwa, Bernado akachomoa mota kwenye redio moja iliyokufa. Betri zikanunuliwa dukani bila foleni. Jumapili moja ya Agosti 1995, baada ya misa, injini ya bati ikavuta mabehewa matatu. Ikaingia kwenye mihogo. Ikapotea. Kimya. Leodgar akashika bega la mwanawe. Kisha ikatokea upande wa pili wa jiwe, ikafika jikoni, ikapita, ikaendelea.

"Mkono wake haukutoka begani mwangu mpaka raundi ya sita," anasema Bernado. "Nilihesabu."

Watu wakaanza kuja. Mwalimu Skolastika alileta wanafunzi kutoka Butiama kwa lori. Waliandamana na bibi mmoja, Nyamburi, mwenye umri uliopita themanini, aliyesikia treni maisha yake yote bila kuiona. Bibi alivua ndala, akalala kifudifudi kwenye mchanga, shavu chini, akangoja. Injini ikampita usawa wa macho. "Sasa nimeiona," akasema. "Niinueni."

Jirani, Wegesa, yeye hakuiangalia treni sana. Aliangalia zile rola. Akauliza kama zinaweza kupinda chuma cha dirisha. Bernado akatengeneza kubwa zaidi. Leo Bernado ana karakana yake Kitaji, anatengeneza grili za madirisha na milango, na ameajiri mafundi wanne. Milango mingi mnayopita mjini Musoma, ile yenye maua ya chuma, imepitia kwenye rola zilizozaliwa kwa ajili ya kona ya Kamunyonge.

Kifua ndicho kilichomshinda Mzee Leodgar. Wiki ya mwisho kitanda chake kilisogezwa dirishani. Aliomba treni izungushwe, akafumba macho akasikiliza. Siku mbili kabla ya kufariki alimwita mwanawe. "Taruma la kumi na tisa baada ya kona limelegea." Bernado akatoka, akapiga magoti, akahesabu. La kumi na tisa. Lilikuwa limelegea. Akalishindilia, akazungusha treni tena. Mzee akasema, "Eeh. Sasa."

Siku ya mazishi ua ulijaa. Jeneza lilipotolewa, mtu mmoja alishauri kipande cha reli king'olewe ili wabebaji wapite bila kujikwaa. Mama Hyasinta akainuka mkekani. "Hapana," akasema. "Wataruka." Basi wanaume sita wenye mzigo mabegani walifika pale penye njia, na kila mmoja akainua mguu wake juu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyegusa hata taruma moja.

Kwako Mama Hyasinta, pole sana mama yetu. Kwako Bernado, kwa ukoo wote wa Masatu kule Kibara na majirani wa Kamunyonge, tunalia pamoja nanyi. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Ampokee Leodgar na kumpumzisha.

Na wewe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwako kuna mtu mmekaa naye miaka, ua mmoja, na hujawahi kumwuliza anachokijua. Redio ikinyamaza, nenda ukamwulize. Kisha kaa, umsikilize mpaka amalize.