Yefim Nikanorovich Strelkov na Ng'ombe wa Bibi Pelageya

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Luzhki, na nyinyi wa kiwanda cha siagi, familia imenituma mimi Zinaida, binti yake, niwasomee maisha ya baba yetu, na mama ameniagiza nisome yote, pamoja na yale ambayo gazeti halikuyaandika.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1911 katika kijiji cha Yelovka, mtoto wa tatu wa Nikanor mhunzi, akasoma shule ya kijijini, kisha chuo cha kilimo cha Leningrad, alikohitimu Juni 1934. Tarehe 6 Agosti 1938 alimuoa mama yetu, Augusta Petrovna, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Boris na mimi.

Wakati wa vita alisimamia chakula cha hospitali za jeshi, mwaka 1951 akawa naibu waziri wa kilimo huko Moscow, na Januari 1956 alirudishwa huku kuwa Katibu wa Kwanza wa Chama wa mkoa wetu, akiwa pia mjumbe wa Kamati Kuu, na sisi watoto tulijua amefika nyumbani kwa mlio wa gari tu, maana uso wake tuliuona Jumapili.

Mwaka 1959 mkoa uliahidi nyama maradufu, baba akatia saini, na ahadi ilipopelea wakachukuliwa ng'ombe wa majumbani. Novemba ile, Bibi Pelageya, mjane wa Yelovka aliyemjua baba tangu utoto, alikaa siku mbili kwenye korido ya ofisi hadi akaingizwa.

"Yefimka," alimwambia, "ng'ombe wangu mmemwandika nyama. Haya, maziwa ya wajukuu zangu mtayaandika wapi?"

Baba alirudi nyumbani bila kula, akamwambia mama, "Leo kuna bibi nimeshindwa kumjibu."

"Nani kakwambia anataka jibu?" mama akasema. "Anataka ng'ombe."

Februari 1960 Moscow walipiga simu wakitaka ahadi kubwa zaidi, na mama, aliyekuwa chumba kile kile, alimsikia baba akisema, "Waliobaki ni wa kukamuliwa. Hao siwagusi," kisha akasikiliza, halafu akasema, "Cheo changu nimekifikiria tangu asubuhi, ndugu." Tarehe 12 Aprili alivuliwa madaraka, gari na nyumba vikarudi serikalini, naye akaletwa hapa Luzhki kuwa meneja wa kiwanda cha siagi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na saba, na ndipo mimi nilipoanza kumfahamu baba yangu.

Jumapili ya kwanza alikwenda Yelovka kwa miguu, kilomita tisa, akimvuta mtamba mwekundu. Bibi Pelageya alifungua lango, akamtazama mtamba meno na miguu, akasema, "Huyu apite. Wewe baki hapo hapo."

"Nimekuja kuomba radhi, shangazi."

"Ungekataa mwaka jana, ningekuandalia chai."

Baba hakubisha, alirudi kila kiangazi kumkatia majani ya ng'ombe, akila mkate wake nje ya uzio, na chai hiyo aliinywa Agosti 1963, akatusimulia habari zake wiki nzima, kwa furaha ambayo hata nishani zake hazikuwahi kumpa.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba 1985, akalazwa mara tatu, na mchana wa tarehe 9 Februari 1988 alifariki nyumbani, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya, wafanyakazi wenzake waliomletea maziwa ya moto kila asubuhi, Moscow kwa simu yao ya rambirambi, na majirani wa Luzhki na Yelovka, ambao kwa siku mbili mmekoka moto juu ya ardhi iliyoganda, mkipokezana, ili kaburi lichimbike.

Baba, wamekulainishia udongo wa kwenu, shuka taratibu, upumzike kwa amani.