Mzee Zablon Ongeri Bogonko, Mkaguzi wa Nyumba (1961–2025)

Mzee Zablon Ongeri Bogonko alizaliwa tarehe 6 Agosti 1961 huko Nyamarambe, mtoto wa tatu wa marehemu Bogonko Nyangau na marehemu Nyaboke. Alipokuwa na miaka sita wazazi wake walihamia Ogwedhi, ambako baba yake aliuza ng'ombe sokoni.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ogwedhi, kisha akajifunza uashi katika chuo cha ufundi mjini Kisii na kuhitimu mwaka 1982.

Tarehe 17 Desemba 1989 alifunga ndoa na Nyanchama katika kanisa la Waadventista mjini Migori. Siku ya kwanza kwenda kwa wakwe, macho yake hayakutoka kwenye paa. Mama mkwe akanong'ona, "Huyu amekuja kuoa ama kununua nyumba?"

Alijenga Migori na Homa Bay kwa miaka mingi. Mwaka 2009, akiwa na mvi tayari, alirudi darasani kusomea ukaguzi wa majengo. Tangu hapo, mtu akiomba mkopo wa nyumba, benki ilimtuma Ongeri aone kama nyumba yenyewe ni imara. Kampuni za bima nazo zilitaka kujua hali ya paa na nyaya za umeme kabla ya kuikatia nyumba bima.

Mwaka 2019 mwalimu Roselyn alitaka kununua nyumba ya Willis kule Lambwe. Willis alikuwa rafiki mkubwa wa Mzee. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, lakini nyuma ya kabati Mzee alikuta ufa ulioanzia kwenye msingi.

"Ndugu Ongeri, sisi tunakaa benchi moja kanisani," Willis alimsihi. "Andika tu iko sawa."

"Benki itasoma karatasi, ndugu yangu. Roselyn atalala ndani na watoto."

Aliandika habari ya ufa, akaandika pia namna ya kuurekebisha. Benki ikasimamisha mkopo, na Willis akaacha kumsalimia. Jambo hilo lilimuuma sana Mzee. Hata hivyo, kila Jumapili alikwenda Lambwe bila malipo kusimamia mafundi wakiimarisha msingi na kuchimba mtaro wa maji. Baada ya miezi minne alikagua upya, mkopo ukatoka, na bima ikapatikana. Mvua kubwa za 2024 zilipobomoa kuta za majirani, nyumba ya Roselyn haikutikisika. Willis alikuja mwenyewe hadi nyumbani, akamkumbatia Mzee mlangoni.

Figo zake zilianza kusumbua mwaka 2022, akawa anasafishwa damu katika hospitali ya Homa Bay mara mbili kwa wiki. Januari mwaka huu binti yake Joyline, aliyesomea ukaguzi wa majengo kama yeye, alimletea wodini ripoti yake ya kwanza.

"Umeandika paa ni sawa. Ulipanda?"

"Hapana, Baba."

"Basi panda."

Joyline alipanda, akakuta mbao mbili zimeoza. Mzee aliisoma ripoti mpya mara mbili, akacheka kwa furaha hadi muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Alituacha asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nyanchama.

Ameacha mjane, Nyanchama, watoto Joyline, Byron na Nyatichi, wajukuu watano, na dada yake, Mellen. Mungu aliyempa moyo wa kweli na ampe pumziko tamu.