Kuku Waliokula Namba za Vali Zangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa mvua, asifiwe kwa kahawa iliyochanua, na leo, mtanivumilia, asifiwe kwa ajili ya kuku.

Wengi wenu hapa Itaka mnalijua gari langu la pikapu, nililolinunua likiwa tayari limezeeka. Mnalijua kwa sababu mmelisukuma. Mwaka jana lilikuwa halipandi tena kilima cha kwenda Vwawa hata likiwa tupu, na mimi nilikwisha kutangaza kwamba binti yangu Rebeka atapelekwa kuolewa Tunduma kwa gari la baba yake.

Lakini gari halikuwa mzigo wangu mkubwa. Mzigo ulikuwa shemeji Lazaro wa kijiji cha Ruanda, kaka wa mke wangu. Lazaro aliendesha malori ya jeshi wakati wa vita. Kusoma hajui, ila injini anaijua kwa sikio. Miaka miwili kabla, hapo nje ya kanisa, aliinama juu ya injini yangu akasema, "Shemeji, vali zinavuja." Nami nilikuwa nimejifundisha Kiingereza kwa kamusi, na nilikuwa na kitabu cha injini. Nikamjibu mbele za watu, "Injini haitibiwi kwa masikio. Kasome kwanza."

Watu walicheka. Lazaro hakucheka. Tangu siku ile hakunywa hata maji nyumbani kwangu. Sasa alituma neno kwamba harusini hatakuja, na Rebeka akawa analia: ataolewaje bila mjomba wake? Kuomba radhi kukanishinda. Nilijiambia, nikiifufua injini kwa kitabu, itajulikana kwamba nilisema kweli. Ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu!

Wiki moja kabla ya harusi nilifungua injini. Nikakwangua masizi juu ya pistoni. Nikazitoa vali, ambazo ni vifuniko vidogo vyenye mguu, mfano wa uyoga, nikazisaga kila moja kwenye kiti chake, yaani ukingo wa tundu inalolifunga. Vali ikishasagwa hivyo, haikubali kiti cha mwenzake. Injini yangu ina vali nane.

Jumapili asubuhi nilizianika uani juu ya mkeka. Kuanika si kazi, nilijiambia. Ili zisichanganyike nilibuni njia yangu mwenyewe, maana karatasi hupeperuka na chaki hufutika kwa mafuta. Kando ya vali ya kwanza niliweka punje moja ya mahindi, ya pili punje mbili, hivyo hivyo hadi ya nane punje nane. Jumla punje thelathini na sita. Nilizihesabu mara mbili.

Mama Rebeka akapita na ndoo. "Baba Rebeka, na kuku je?"

"Mama Rebeka, hii ni kazi ya kitaalamu."

Tukaja ibadani. Tuliporudi hapakuwa na punje hata moja! Vali zilikuwa zimeparuliwa huku na huku, mbili ziko kwenye majivu, na jogoo amesimama juu ya kitabu changu.

Mke wangu aliutazama mkeka. "Umeandika kwa chakula," akasema, "sasa unashangaa kimesomwa na wenye njaa?"

Nilipiga magoti pale pale uani. Nilikusudia kumwomba Bwana anionyeshe vali ya kwanza. Jina lililonitoka kinywani, ndugu zangu, lilikuwa Lazaro.

Jumatatu nilipanda baiskeli hadi Ruanda. Njiani niliandaa hoja sita. Nilimkuta akipalilia kahawa, nikasema ya kwanza tu, "Shemeji, nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe." Hizo nyingine tano zikanipotea.

Akapiga jembe mara mbili tatu. Kisha akauliza, "Na gari?"

"Nililifungua. Vali nilizitia namba kwa mahindi. Kuku wakala."

"Wamekula namba?"

"Zote."

Lazaro akaliachia jembe, akakaa chini katikati ya mibuni, akacheka mpaka machozi. "Vitani niliona magari yakipigwa mabomu," akasema. "Gari lililoshindwa na kuku sijaliona!"

Kesho yake alikuja. Akapaka masizi ya chungu kwenye ukingo wa kila vali, akaizungusha kitini. Ikiwa nyumbani kwake, kiti kiliandikwa masizi mzunguko mzima. Ikiwa kwa jirani, alama zilikatika. Kisha akasema, "Lete kile kitabu."

Nilidhani atakichoma.

"Nisomee. Toka mwanzo, usiruke. Nimeshika vitu hivi miaka mingi, nataka kujua kinasemaje."

Basi yeye akafanya kazi, mimi nikasoma na kufasiri. Nikafika ukurasa ambao sikuwahi kuusoma, kwa kuwa juu yake paliandikwa kwamba ni wa wanaoanza. Nikanyamaza.

"Mbona kimya, shemeji?"

Nikasoma: chukua ubao, toboa matundu manane, andika namba, chomeka kila vali kwenye tundu lake.

"Rudia hapo," akasema Lazaro. Nikarudia. "Rudia tena, dada hajasikia."

"Nimesikia," akajibu Mama Rebeka toka jikoni. "Lakini arudie."

Injini ilipowaka, Lazaro alinishika kisogo akaniinamisha karibu nayo. "Sikiliza." Nikasikiliza, mara ya kwanza maishani mwangu. Jumamosi tulipanda kilima cha Vwawa na bibi harusi, mjomba wake akishika usukani. Hakuna aliyesukuma!

Balaamu alionywa na punda. Mimi nilihitaji kuku kumi na mmoja. Nakusihi wewe uliyemwaibisha ndugu yako, usingoje hata mmoja. Mtumaini Bwana, panda baiskeli, uende. Maneno yakikupotea njiani, yatabaki yale yanayotosha.

Lazaro amekuja leo, amekaa benchi la tatu. Radhi nilimwomba shambani, tukiwa wawili. Lakini nilimdharau mbele yenu, basi na hili lisemwe mbele yenu: shemeji, sikio lako lilisema kweli. Vali zilikuwa zinavuja.